Tayari ya Mjomba

Mabega ndiyo yaliyoshuka kwanza. Kabla ya macho, kabla ya mdomo, mabega ya Mama Sindano yaliporomoka kama gauni lililochomoka msumarini, na papo hapo kamera mpya ikaanza kulia, trrrr, kama cherehani iliyoshika kasi. Kimya alikuwa amesimama pembeni na ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Chumbani walikuwamo watu wanne, na walioyaona mabega yale yakishuka walikuwa wawili tu: yeye na mjomba wake. Mjomba hakuweza kusema. Yeye aliweza.

Kimya halikuwa jina alilopewa na wazazi. Mjomba ndiye aliyembandika, wiki ile ile alipomchukua baada ya kumzika dada yake. "Mtoto huyu," aliwaambia majirani, "ukimkanyaga mguu atakuomba radhi yeye." Alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameacha shule darasa la nne ili amuuguze mama yake, na hakurudi tena, kwanza kwa sababu ya msiba, halafu kwa aibu ya kukaa dawati moja na watoto wadogo. Akawa mtu wa studio. Alifagia, alifunga na kufungua mapazia, aliwachana watu nywele, aliwalaza kola, aliwapangusa jasho puani. Katika miaka minane hakuwahi kubonyeza kamera hata mara moja, lakini dirisha la studio alilijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Alijua kwamba saa tatu mwanga unapiga ukutani, saa nne unashuka kwenye stuli, na ikifika saa tano na nusu unaanza kuwachoma watu machoni, kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja akiingia, Mjomba alimkalisha kwenye stuli mbele ya pazia la kijivu, akamgeuza kidogo upande wa dirisha, halafu akamtelekeza. Ndiyo, akamtelekeza. Alianza kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi, akatafuta kitu ambacho hakijapotea, akanung'unika: "Bado, bado kidogo. Kuna kitu hapa kinanisumbua." Mteja mwanzoni alikaa wima kama aliyemeza ufito, macho yamemtoka, meno yote nje. Lakini nani anaweza kukaa na ufito tumboni dakika tano? Shingo ilichoka. Meno yalirudi nyumbani. Mtu alianza kuwaza mambo yake, labda mtoto aliyemwacha na homa, labda kichekesho cha jana.

"Uso una mwenyewe," Mjomba alimwambia Kimya siku moja walipokuwa wakikata picha za vitambulisho. "Mwenyewe akitoka usipige, utapiga nyumba tupu. Subiri arudi."

Na akisharudi, Mjomba alibonyeza bila hata kuinama kuchungulia. Sauti ya kamera ilikuwa ndogo kama ya mtu anayefunga kifungo. Ndipo aliposema, "Tayari."

Basi kwenye studio ile tayari haikuwa na maana ya jiandae. Ilikuwa na maana ya imekwisha, shuka, vaa viatu vyako. Mtaa mzima ulilijua hilo. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa akiwatania wateja: "Mpishi akisema tayari, njoo ule. Huyu mzee akisema tayari, ujue umeshaliwa." Watu walilisikia neno lile tangu utotoni, kwenye picha za shule, za harusi, za mtoto wa kwanza, hata miili yao ikalizoea bila wao kujua. Likitamkwa tu, mtu anashusha pumzi na mguu unaanza kutafuta kiatu.

Kuhusu kamera, Mjomba alibadilisha tatu katika maisha yake, na ile ya mwisho haikuwa hata ya filamu. Hakuililia ya kwanza, wala hakuitukuza ya mwisho. Vijana wakimuuliza ni kamera ya aina gani, aliwajibu, "Sanduku lenye tundu. Kamuulizeni kinyozi kama mkasi ndio unaokijua kichwa."

Halafu kiharusi kikaja. Kilimkuta amesimama juu ya stuli akifunga kamba ya pazia. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, kikachukua na ulimi. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, na hakuwa mtu wa maneno machache, yalibaki vipande vitatu: "ee," "la," na "ta." Ta ilikuwa ya kila kitu. Ta ilikuwa taa, ilikuwa taulo, ilikuwa tafadhali. Wewe uliyemsikia ndiye uliyepaswa kubahatisha.

Aliyekuja kushika studio ni mwanawe. Huyu alikulia kwa mama yake, mji mwingine, tangu wazazi walipoachana, na studio ya baba aliijua kwa kupita tu, likizo moja moja. Tuseme ukweli, alikuwa mtoto mwema. Alimwogesha baba yake mwenyewe, alimlisha kwa kijiko bila kukunja uso, na kila asubuhi alimbeba mgongoni kutoka chumba cha nyuma mpaka kwenye kiti cha studioni, ili mzee asishinde akitazamana na dari. Angekuwa mkorofi mambo yangekuwa mepesi. Mkorofi unaweza kumchukia ukapumzika.

Ila alikuwa na ile kamera. Siku ya kwanza aliitoa kwenye sanduku lake kwa mikono miwili kama mkunga, akaipuliza, akaifunika, akaifunua tena. Kitabu chake cha maelezo alikisoma hata wakati wa kula, akigeuza kurasa kwa kiwiko. Aliijua kwa namba: megapikseli ngapi, lenzi namba gani, picha thelathini kwa sekunde moja. Kinyozi akampa jina siku hiyo hiyo.

"Mega!" aliita mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni. "Hiyo kitu inaweza kupiga pasi shati?"

"Cheka tu, jirani. Hii inalitafuta jicho la mtu yenyewe. Ikishalishika, hailiachii."

"Basi huyo ni mama mkwe wangu."

"Nasema kweli! Ndege akitua juu ya ule mnara kule, nakutolea mpaka unyoya wa shingoni."

"Na ndege mwenyewe ameomba?"

Kimya alicheka huku amegeukia ukuta. Wiki hiyo ya kwanza alijaribu kusema jambo. Mega alikuwa akihangaika na nyaya za taa, saa nne asubuhi, jua limejaa chumba. "Kaka," Kimya alisema, "saa hizi Mjomba hawashi taa. Dirisha linatosha."

Mega alitabasamu kwa upole kabisa. "Dada yangu, humu ndani mna kompyuta nzima. Inaujua mwanga kuliko mimi na wewe." Halafu, kama mtu anayeuliza saa, "Hivi wewe uliishia darasa la ngapi?"

Hakukusudia ubaya; aliuliza tu. "La nne," Kimya alijibu. Na tangu siku hiyo kila neno alilotaka kusema kuhusu picha lilipita kwanza mbele ya darasa la nne, likainamisha kichwa, likarudi lilikotoka.

Mama Sindano alikuja Jumatano, saa nne kasoro. Alikuwa fundi wa nguo wa mtaa ule ule, mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye siku zote ulimsikia kabla hujamwona. Siku hiyo alionekana kwanza. Alivaa gauni jipya la bluu, na upande wa kushoto wa taya ulikuwa umejaa, kama mtu aliyeficha pipi shavuni.

"Shikamoo, mama," Kimya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mzee wangu, hujambo?" Akauchukua mkono wa Mjomba, ule uliolala, akaushika kama vile unasikia.

"Ee," Mjomba alisema.

"Leo saa tano nalazwa," Mama Sindano alimwambia Mega, akijitahidi kulifanya jambo dogo. "Kesho asubuhi wananipasua. Uvimbe huu umekula mfupa, kwa hiyo na mfupa unatoka. Daktari hakunificha. Kaniambia, mama, utapona, lakini uso utakaoamka nao si huu uliokuja nao. Nikamwambia si neno, mume wangu ameshauona vya kutosha."

Alicheka peke yake, halafu akaacha.

"Sasa kitinda mimba wangu ana miaka miwili. Huyo hawezi kukumbuka. Nataka nimwekee uso huu aujue. Urembo sitaki, uvimbe usinifichie. Nataka picha yangu mimi, mama yake."

"Huna nyingine nyumbani?" Mega aliuliza.

"Ya harusi ninayo, alinipiga baba yako. Lakini yule ni msichana, mwanangu hamjui yule. Za simu ziko mbili. Moja nimeinamia cherehani, nyingine kidole cha mtoto kimeziba nusu." Akaketi kwenye stuli, akalivuta gauni magotini. "Nipige moja tu, baba. Moja ambayo ni mimi."

"Mama, umefika mahali penyewe," Mega alisema, na alisema kwa moyo. "Nitakupiga mia mbili."

Akawasha taa mbili, ingawa dirisha lilikuwa limeshamwaga mwanga wote kwenye stuli. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Kamera ikaomba betri nyingine. Akaibadilisha. Ikaomba ithibitishwe tarehe. Akainama juu ya skrini ndogo na kuanza kubonyeza, anaingia chumba hiki cha maneno anatokea kile, anaguna, anarudi. Kimya alinyanyua ubao mweupe akaushika chini ya kidevu cha Mama Sindano, hatua mbili kando, kama alivyofundishwa.

Mama Sindano naye alikuwa amemeza ufito wake. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Meno yakarudi nyumbani. Akatazama dari, akatazama vidole vyake, halafu jicho lake likaangukia pindo la pazia la kijivu, pazia ambalo alilishona mwenyewe miaka mingi iliyopita.

"Hee," alijisemea polepole. "Mshono gani huu? Nilishona nimelala?"

Mdomo ukavutika upande mmoja. Nyusi moja ikapanda. Ni vile alivyozoea kuutazama uzi uliokatika, karipio na kicheko vimefungwa fundo moja, vile watoto wa mtaa mzima walivyomjua. Mwenyewe alikuwa amerudi. Uvimbe ulikuwepo, gauni jipya lilikuwepo, na yeye alikuwepo, mzima, na mwanga wa saa nne umemkalia shavuni kama mgeni aliyeitwa. Kimya aliacha kupumua. Kidole chake cha shahada kilijikunja chenyewe juu ya ubao.

Kwenye kiti, mkono wa kushoto wa Mjomba ukainuka. "Ta," alisema. "Ta!"

"Nakuja, baba, dakika moja." Mega hakuinua kichwa. Alikuwa akitafuta mahali pa kuiambia kamera kwamba mbele yake kuna mtu.

Mwishowe akapaona. Akanyooka, akaweka jicho, akapanga miguu. "Haya, mama! Tayari!"

Hapo ndipo mabega yaliposhuka. Mama Sindano alishusha pumzi, macho yakaenda chini kutafuta viatu, mdomo ukalegea, na kamera ikapiga trrrr, ikameza yote, thelathini, sitini, tisini.

"Kaa, mama, kaa! Bado."

"Si umesema tayari?"

"Ndiyo, tayari, tunaanza."

"Aa!" Mama Sindano alijicheka. "Nisamehe, baba. Mazoea yana taabu." Akakaa tena, akameza tena ufito. Na mwili wake, uliolisikia neno lile kwa miaka thelathini, haukuwa umesikia maelezo hayo. Mega aliposema "Tayari!" mara ya pili, mabega yakaanguka vile vile, macho yakaenda chini vile vile. Trrrr.

"Ta!" Mjomba alikuwa amekamata mkono wa kiti. Shingo yake ilivimba mshipa. "Ta, la! Ta, la!"

"Ndiyo, baba!" Mega alimwitikia kwa furaha, uso umeng'aa, maana alidhani baba yake anamtia moyo. "Tayari kabisa! Umeona, mama, mzee naye yumo."

Mjomba aliacha kumtazama mwanawe. Akamtazama Kimya. Alimtazama kama mtu aliye upande wa pili wa mto anavyomtazama aliyeshika kamba. Kimya aliyasikia maneno yakipanda kooni, yalikuwa mawili tu. Usiseme tayari. Hata mtoto wa darasa la kwanza anayo.

"Kaka," alisema.

"Inua ubao kidogo, dada, kivuli kinaingia shingoni."

Akainua ubao.

Mara ya tatu ilikuwa kama ya pili. Kisha Mega akaichomoa kamera, akaikuza picha moja kwenye skrini, akaikuza tena, mpaka pakabaki jicho, mpaka pakabaki ukingo wa jicho. "Mama, kope zako naweza kuzihesabu! Moja moja!"

Mama Sindano aliinama, akakunja macho. Miwani yake ilikuwa kwenye begi la hospitali, na begi alikuwa nalo dada yake, amesimama nje anaita kwamba wanachelewa. "Mimi hapo naona ukungu. Niko mimi?"

"Uko wewe mtupu."

"Basi ahsante, baba. Umenisaidia sana." Akamuaga mzee, akamuaga Kimya, akaondoka akiwa ametua mzigo. Hatua zake zilisikika nyepesi barazani, na kila hatua Kimya aliihesabu: sasa anaweza kuitwa, sasa bado anaweza kuitwa. Halafu hazikusikika tena.

Mchana Mega alizifungua picha kwenye kompyuta. Zilikuwa mia mbili na arobaini. Kimya alisimama nyuma yake na kitambaa cha vumbi mkononi. Zote zilikuwa safi, hakuna iliyotikisika hata nywele, na zote zilikuwa za mwanamke anayeondoka. Macho sakafuni, shavu limelegea, mabega yamekufa. Unaweza kumkuta mtu hivyo akiwa amepewa habari mbaya au amechoka hata kuulizwa jina. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Mwenye kamera wahenga hawakumfikia.

Mega naye alianza kukuna kidevu. "Mbona ametoka kama mtu aliyechoka hivi?" Alipitisha ishirini, thelathini. "Ni ugonjwa," akajijibu. "Maskini mama wa watu, ugonjwa umemmaliza." Na kwa kuwa alikuwa na huruma, akaanza kumsaidia. Kwa programu yake akazifungua kope kidogo, akailainisha ngozi, akaupunguza uvimbe ambao mwenyewe alisema usifichwe. Alichagua kumi, akazichapa, akampelekea baba yake moja.

Mjomba aliishika kwa mkono wa kushoto. Aliitazama muda ambao maji yangechemka. Kisha akaigeuza uso chini juu ya paja lake, akaikandamiza kwa kiganja.

"Amefurahi," Mega alinong'ona.

Kimya aliweka kitambaa chini. Hakuaga. Alitoka na kandambili zake za kazini, akatembea haraka, halafu akakimbia. Hakujua atasema nini akifika. Labda angemwambia Mama Sindano mwenyewe, naye angemwita Mega, naye Mega angekuja na kamera yake na kusimama wodini penye dirisha lolote. Kamera ilikuwa nzuri, hilo Kimya hakulikataa. Jambo lenyewe lilikuwa dogo sana, ndiyo maana lilimuumiza: kaa kimya, subiri, halafu piga.

Langoni mwa hospitali palikuwa na mlinzi na watu wachache waliofukuzwa kama yeye.

"Saa ya kuona wagonjwa imepita, binti. Imekwisha robo saa iliyopita."

"Kuna mama anapasuliwa kesho."

"Wote humo wanapasuliwa kesho. Wewe ni nani wake?"

Kimya alifikiri. Mtoto wake si yeye. Jirani? Mtu wa kushika ubao? "Ni... ni mambo ya picha," alisema.

"Picha zimefanya nini?"

"Hazikutoka vizuri."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na chupa ya chai alicheka bila ubaya. Mlinzi naye akalainika. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Akitoka mtampiga nyingine. Mtu hakimbiwi na uso wake."

Watu wakacheka. Kimya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa vizuri, akamshukuru mlinzi. Alimshukuru! Njiani ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa na jibu, na kwamba jibu lenyewe lingefungua hata lango la chuma. Lakini alikuwa ameshafika kona ya kinyozi.

"Kimya, mbona unatweta? Umekimbizwa na nani?" kinyozi aliuliza.

"Hakuna," alisema.

Asubuhi yake, saa nne, mwanga ulishuka kwenye stuli kama kawaida. Hapakuwa na mtu. Kimya alivuta pazia akaufungia nje.

Wiki ya saba Mama Sindano alikuja. Mega alikuwa amepeleka mashine ya kuchapia picha kwa fundi; studioni walikuwa Kimya na Mjomba peke yao. Mama Sindano alikuwa amejifunga mtandio kuanzia sikio hadi sikio, na alipoushusha ili aongee, Kimya alijilazimisha asiinamishe macho. Upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani. Mdomo ulivutwa huko, na sauti iliyokuwa ikitangulia mtaani sasa ilichuruzika nyembamba kwenye pembe moja.

"Usiogope, mwanangu. Haiumi sana kama inavyoonekana." Akaketi, akahema. "Nimekuja kuchukua picha zangu. Yule mdogo ananikimbia. Nikimshika analia mpaka anapaliwa. Jana nimemfunga mgongoni, ananiuliza, mama yuko wapi? Niko naye mgongoni, ananiuliza mama yuko wapi. Nikamwambia ngoja, mama atakuletea picha, uone kwamba mama ni huyu huyu."

Kimya alifungua droo. Bahasha ilikuwa pale pale, na jina limeandikwa vizuri kwa kompyuta. Aliitoa kwa mikono miwili.

Mama Sindano alivaa miwani yake. Alizitoa picha, akazipanga magotini, akazitazama moja moja bila haraka, kama mtu anayekagua mishono. Alipofika ya mwisho akarudi kwenye ya kwanza. Gari lilipita barabarani, likaenda zake. Alirudi tena kwenye ya tano, ile iliyolainishwa mpaka shavu likawa kama sahani.

"Kumbe," alisema.

Kimya alifunga droo.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa." Alitikisa kichwa, akajaribu kucheka, upande mmoja ukakataa. "Mimi miaka yote najiona mtu mchangamfu. Nawachekesha wateja pale dukani, nikidhani wananifurahia. Kumbe wanamtazama huyu. Mwanamke amechoka, hana hamu na mtu, anataka kuondoka." Akazikusanya picha, akazigonga gotini zilingane. "Basi afadhali, mwanangu. Nilikuwa nalilia kitu ambacho sikuwa nacho. Sijapoteza chochote."

"La," Mjomba alisema kutoka kwenye kiti.

"Usijali, mzee wangu."

"La. La. La."

"Picha ni nzuri, mzee. Mwanao amefanya kazi." Alimpapasa bega kumtuliza, akazirudisha picha kwenye bahasha, akaanza kuuinua mtandio. Angekwenda nazo nyumbani. Angezionyesha kwa mtoto, na mtoto angemjua huyo.

Mjomba hakuwa akimtazama Mama Sindano. Kimya alilijua jicho lile bila kugeuka. Aliwaza kwamba hakuna atakayejua kamwe. Mega alishasema ni ugonjwa, mwenye uso ameshakubali, na mtu mwingine pekee aliyeona hakuwa na ulimi. Kosa lake lilikuwa limefunikwa vizuri kuliko alivyoweza kulifunika yeye. Alisogea mpaka mlangoni, akasimama katikati, si kwa ujasiri, ni kwa kuwa miguu ilifika hapo ikagoma.

"Huyo si wewe, mama," alisema, na sauti ilitoka ndogo mpaka Mama Sindano akainamisha sikio. "Hukuwa hivyo. Kaka alisema tayari kabla hajapiga, na wewe ukajua imekwisha, mara zote tatu. Ulipokuwa unangoja ulikuwa wewe, mzima kabisa, nilikuona. Nilijua tangu mara ya kwanza. Ningeweza kusema, nikanyamaza."